Ardhi Iliyokufa na Ardhi Iliyoachwa

Sisi tuliozaliwa kwenye mpaka, pale ambapo Masisi inamalizika na Walikale inaanza, tumezoea kusikia watu wakitumia neno moja kwa mambo mawili. Neno hilo ni pori. Mgeni akipita njiani na kuona majani marefu, husema: hapa ni pori, hapana mwenyewe. Mzee wa kijiji akipita njia ile ile huona mengine. Huona mchikichi ambao haukuota wenyewe, huona migomba iliyozeeka, huona mafiga matatu yaliyofunikwa na magugu, huona kaburi. Yeye hasemi pori. Yeye husema: hapa ni kwa fulani, Mungu amrudishe.

Chama chetu kimetuomba tuandike juu ya mila za ardhi. Wengine katika kijitabu hiki wataeleza mila hizo vizuri kuliko sisi. Sisi tumechagua kusimulia jambo lililoikuta jamaa yetu wenyewe, kwa sababu ndani yake tulikutana na sheria ambayo tulikuwa hatuijui, yaani sheria ya Kiislamu juu ya kufufua ardhi iliyokufa. Chamani wako Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Sisi tunaoandika tumebatizwa, lakini akili njema haiulizwi inasali wapi. Makabila ya watu wa habari hii tumeyaacha kusudi. Msomaji atakayeyatafuta atakuwa amepoteza njia tangu mwanzo.

Kukimbia na kurudi

Mwezi wa 3 mwaka 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika teritwari ya Walikale, na kwa siku chache tu moto ule ulipanda hadi milima ya Masisi. Jamaa yetu iliondoka usiku. Mama alibeba sufuria moja na mtoto mgongoni, baba mkubwa alibeba mbegu za maharagwe, akisema tutarudi kabla ya msimu. Hatukurudi msimu ule wala mwingine. Vita vya mwaka 1996 vilitukuta Goma, vya mwaka 1998 pia. Mwezi wa 1 mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliteremka mjini ukaila nyumba yetu ya mbao. Tulipoona tumekimbia watu na sasa tunakimbia mlima, baba mkubwa alisema: inatosha, mwenye shamba hafi juu ya mawe ya watu.

Tulirudi mwaka 2004, yaani baada ya miaka 11. Tulitegemea kukuta pori. Kumbe tulikuta shamba zuri kuliko tulivyoliacha. Maharagwe yalikuwa yametoa maua, muhogo umesimama kwa mistari, na kwenye kilima cha juu, ambako sisi tulikuwa na miti tu, mtu alikuwa amelima mpaka kileleni. Palikuwa na nyumba ya miti na udongo, mke, na watoto watano.

Mwenye nyumba alitupokea kwa heshima, akatoa kiti kwa baba mkubwa. Baba mkubwa hakukaa. Alisema, "Bwana, hapa ni kwetu."

Yule bwana akajibu polepole, "Muzee, mimi nilikuta hapa pori tupu. Nyani njo walikuwa wenye hapa. Hii shamba nimeifufua kwa mikono yangu."

Kisha akaongeza neno lililotushangaza. Alisema kuwa yeye ni Mwislamu, na kwamba alifundishwa na mwalimu wake huko Maniema kuwa Mtume alikwisha kulikata jambo hili: anayeihuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake. Kaka yetu mkubwa akakasirika sana, akasema dini ya namna hiyo inafundisha wizi. Ilibaki kidogo wapigane. Mama akaingia kati yao, akasema, "Huyu amekula neno la dini yake mbele ya Mungu. Tumwite aliyemfundisha aje alitafune mbele yetu."

Hivyo ndivyo tulivyofikia kumngoja shehe kwa majuma matatu, tukilala kwa jirani, tukitazama maharagwe ya mtu yakikomaa katika shamba la babu yetu.

Mila ya wazee ilisemaje

Wakati wa kungoja tuliwauliza wazee wa pande zote mbili, upande wa Bahunde na upande wa Banyanga. Walitofautiana katika mambo madogo, ila kwenye mzizi walisema kitu kimoja. Ardhi hainunuliwi kama nguo. Iko mkononi mwa mwami kwa niaba ya waliokufa, waliopo na watakaozaliwa. Mtu akitaka mahali pa kulima, huenda kwa mkubwa wa mahali na mutulo wake, mara nyingi mbuzi, na mtungi wa kasiksi usikosekane. Akisha kupokewa, shamba linakuwa la jamaa yake, na watoto hurithi. Akilipumzisha miaka mitano au saba ili udongo upate nguvu, hajaliacha. Hata akihama, matongo yake, pamoja na michikichi na makaburi, yanabaki na jina lake.

Tukawauliza: na mtu akikimbia vita miaka 11? Wakanyamaza. Mzee mmoja alisema kweli tupu: "Mila yetu ilijua kuhama, ilijua njaa, ilijua ugomvi wa ndugu. Vita vya kufukuza kijiji kizima haikuvijua." Wengine walisema ardhi inamngoja mwenyewe hata miaka 100. Wengine wakasema, na watoto wa huyu bwana wataingia wapi? Tuliona kwamba mila ina jibu la nusu.

Shehe alivyotufundisha

Shehe alifika kwa miguu, mzee mwembamba aliyetoka upande wa Maniema, nchi ya Kasongo na Nyangwe, ambako Uislamu uliingia pamoja na Kiswahili chenyewe katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Tulidhani atamtetea Mwislamu mwenzake. Yeye alikaa chini ya mti, akasema mwanafunzi wake amesema kweli, lakini amesema sehemu ya kwanza tu ya somo.

Alianza na majina. Ardhi iliyokufa kwa Kiarabu huitwa mawati, na kuifufua ni ihyai. Tukacheka kidogo, maana maneno hayo tunayo nyumbani: mawati ni ndugu wa mauti na maiti, ihyai ni ndugu wa uhai na kuhuisha. Kumbe tulikuwa tunaisema sheria hiyo kila siku bila kuijua.

Jambo la kwanza alilofundisha ni kwamba si kila penye majani ni mawati. Ardhi iliyokufa ni ile isiyo na mwenyewe anayejulikana, isiyotumika, na iliyo nje ya mahitaji ya kijiji. Ardhi iliyolimwa na mtu anayejulikana, kisha ikarudi kuwa magugu, wanazuoni walitofautiana juu yake. Baadhi ya wanazuoni wa madhehebu ya Malik walisema ikirudi kufa, mwingine aweza kuifufua na ikawa yake. Imamu Shafi, ambaye Waislamu wengi wa pwani na wa Maniema wanamfuata, alikataa: mwenyewe akijulikana, ardhi ni yake na ya warithi wake, hata ikibomoka.

Jambo la pili ni harimu, yaani eneo linalokizunguka kijiji au kisima. Malisho, mahali pa kuni, njia ya maji, hapo hapafufuliwi na mtu mmoja, hata pakionekana hapana kazi. Ni uhai wa wote. Wazee wa Walikale waliitikia kwa vichwa. Kwao msitu unaolisha watu nyama, uyoga, viwavi na dawa haujawahi kuwa ardhi iliyokufa, ingawa hauna hata tuta moja.

Jambo la tatu lilihusu ruhusa. Abu Hanifa alisema hakuna kufufua bila ruhusa ya mtawala. Wanafunzi wake wakubwa, mmoja wao Abu Yusuf aliyemwandikia khalifa Harun al-Rashid kitabu cha kodi za ardhi katika karne ya 8, hawakuifanya ruhusa kuwa sharti. Lakini Abu Yusuf mwenyewe alieleza sababu ya mwalimu wake: ruhusa inazuia watu wawili kugombana juu ya kipande kimoja. Mzee mmoja wa kwetu akadakia, "Basi huo ndio mutulo!" Shehe akacheka, akasema ndiyo, tofauti ni kasiksi.

Jambo la nne ndilo lililotuuma sisi baadaye. Kuweka alama si kufufua. Mtu akipanga mawe, akikata miti au akisimika vijiti, anapata haki ya kutangulia tu, hajapata ardhi. Khalifa Umar alisimulia watu kuwa mwenye alama tu hana haki tena baada ya miaka mitatu. Tena Umar huyo alimwita Bilal ibn al-Harith, ambaye Mtume mwenyewe alikuwa amempa bonde la Aqiq karibu na Madina, akamwambia abaki na kiasi anachoweza kukilima na kingine akirudishe kwa watu. Bilal hakupenda, lakini ardhi iligawanywa. Tulifikiri sana hapo. Kama zawadi ya Mtume iliweza kupunguzwa kwa kukosa jembe, karatasi ya mkubwa gani itasimama mbele ya jembe?

La mwisho lilikuwa juu ya mtu anayepanda kwa mwenzake bila ruhusa. Shehe alisema kwamba neno lile lile la kufufua limefuatana na onyo kuwa mzizi wa dhuluma hauna haki. Alisimulia juu ya mtu aliyepanda mitende katika ardhi ya mwenzake, na Mtume akaamua ardhi irudi kwa mwenyewe na mitende ing'olewe. Ila kuna fundisho jingine pamoja na hilo: aliyelima kwa watu bila ruhusa hana haki ya mavuno, lakini arudishiwe gharama zake. Yaani hata mkosaji jasho lake linahesabiwa.

Siku ya baraza

Baraza lilikaa asubuhi, wakubwa wa mahali, wazee wa pande zote, shehe, na majirani. Kabla ya hapo kaka yetu alikuwa na shauri lake. Alijua mtu Goma ambaye angetupatia karatasi za kadasta juu ya kilima chote, juu na chini, na bonde la jirani likiwamo. Alisema, "Munabishana nini na sheria za zamani? Karatasi itamaliza." Tukubali kwamba shauri hilo lilitutamanisha. Baba mkubwa ndiye aliyelikataa. Alisema karatasi ya namna hiyo ndiyo iliyomtoa huyu bwana kwao.

Ilikuwa kweli. Barazani yule bwana alisimulia habari yake. Alizaliwa kwenye milima ya malisho ya Masisi. Jamaa yake walikuwa wakilima kando ya fermu ya ng'ombe ya mtu mkubwa. Kila miaka michache uzio ulisogea, mpaka siku moja wakakuta wako ndani ya uzio. Wakaambiwa walime kwa kukodi, au waondoke. Vita vikaja, wakaondoka. "Kama munanifukuza hapa, nitaenda wapi?" aliuliza. Hapakuwa na mtu aliyemjibu.

Shehe akaomba ruhusa ya kuuliza. Akamgeukia baba mkubwa. "Mzee, bonde la chini nani alilima?" Baba mkubwa akataja babu yetu, akaonyesha kahawa iliyozeeka, akaonyesha makaburi matatu, majirani wakashuhudia. Shehe akasema hapo hapana ubishi: hiyo si ardhi iliyokufa, ni ardhi iliyoachwa kwa kulazimishwa. Hesabu ya miaka haiendi juu ya mtu aliyezuiwa na mkuki.

"Na kilima cha juu, mzee? Nani alilima?"

Hapo palikuwa kimya. Waliojua kweli walikuwa wamekufa, isipokuwa baba mkubwa peke yake. Kaka yetu alimtazama kwa macho ya kumwomba. Baba mkubwa angesema neno moja tu, na kilima kingekuwa chetu. Akasema, "Hapana. Baba alikata alama kwenye miti mwaka niliooa, mwaka 1974, akasema watoto watalima. Hatukulima."

Kutoka 1974 hadi 1993 ni miaka 19. Katika miaka hiyo hapakuwa na vita vya kutuzuia. Ilikuwa uvivu wetu na wingi wa ardhi. Sheria tuliyokuwa tumeisifu muda mfupi kabla ikatugeukia sisi.

Baraza liliamua hivi. Bonde la chini lilirudi kwetu. Maharagwe yaliyokuwa karibu kuvunwa aliachiwa yule bwana, muhogo tukagawana nusu kwa nusu, na kwa kazi yake ya kusafisha shamba tulimlipa mbuzi wawili kwa misimu miwili. Kilima cha juu kilibaki kwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekihuisha, ila atoe mutulo wa mbuzi kwa mkubwa wa mahali ili jina lake lijulikane. Mbuzi alitolewa siku ile ile, kasiksi wakanywa wenye kunywa. Chemchemi iliyoko katikati haikupewa mtu. Pale kila mmoja achote, wala asiwepo wa kuizungushia uzio. Karatasi ikaandikwa, wote tukatia kidole.

Tusidanganye kwamba sote tulifurahi. Kaka yetu alikaa miezi mingi bila kuongea na baba mkubwa. Hata sisi wengine, tukipanda kuchota maji na kuona mahindi ya jirani yalivyokuwa mazuri huko juu, tulisikia kitu moyoni. Lakini tulilala usingizi. Na ugonjwa ulipoingia kwetu mwaka uliofuata, aliyesaidia kubeba mgonjwa kwenye kipoyo ni yule bwana na mwanawe.

Ardhi tupu ya wakubwa

Baada ya hapo tulianza kusoma na kuuliza, na tukaelewa kwa nini watu wawili maskini walikutana kwenye kilima kimoja.

Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885 serikali ya Leopold wa Pili ilitangaza kuwa ardhi zote tupu ni mali ya Serikali. Ukilinganisha na somo la shehe, utaona yote mawili yanaanza na ardhi isiyo na kazi, lakini yanaishia mbali. Katika sheria ya Kiislamu ardhi iliyokufa inamwendea mwenye kuifufua. Katika sheria ya Leopold ardhi tupu inamwendea mkubwa, hata asipoigusa. Tena aliyepima utupu alikuwa mtu aliyepita njiani. Shamba lililopumzika aliliita tupu, msitu wa mawindo aliuita tupu.

Kwetu Kivu mambo yalizidi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu ili kugawa ardhi kwa walowezi. Kuanzia 1937 wakazileta familia nyingi kutoka Rwanda kwenye milima ya Masisi, kana kwamba milima hiyo haikuwa na historia. Wajukuu wa familia hizo ni wenzetu, hawana kosa la kuletwa. Kosa ni la kalamu iliyoandika neno tupu juu ya nchi yenye watu.

Uhuru ulikuja, kalamu ikabaki. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi za wanavijiji, iliahidi ordonansi ya Rais itakayopanga haki zao, na wanavijiji wakaingojea kwa makumi ya miaka. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja zairianisation, na mashamba ya walowezi katika Masisi yakaingia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala. Mengi yakawa fermu za ng'ombe. Sheria inadai mwenye konsesio aitumie ardhi kwa kazi, lakini watu wa Masisi wanajua jinsi mtu anavyoweza kutembeza ng'ombe wachache juu ya mamia ya hektari na kuiita hiyo kazi, huku wakulima wakikodi kipande cha maharagwe kando ya uzio.

Hapa tunakumbuka neno jingine tuliloambiwa na shehe siku ya kuagana. Umar alikuwa na malisho ya hifadhi, akamweka msimamizi jina lake Hunayy. Akamwagiza awaingize wenye ngamia wachache na kondoo wachache, ila ajihadhari na makundi ya Abdurrahman ibn Awf na Uthman ibn Affan. Hao walikuwa watu wema, masahaba wakubwa, lakini matajiri. Sababu aliyoitoa Umar ni ya uchumi mtupu: mifugo ya tajiri ikifa, atarudi kwenye mitende na mashamba yake. Mifugo ya maskini ikifa, atakuja mlangoni kwa mtawala na watoto wake akiomba kulishwa. Basi nyasi ni rahisi kuliko dhahabu. Tangu siku hiyo, tukipita kando ya uzio mrefu, tunajiuliza: Hunayy wa Masisi yuko wapi?

Tena kuna jambo moja la kutia moyo. Mwezi wa 8 mwaka 2014 serikali ilitoa dekreti inayoruhusu kijiji kupewa msitu wake kuwa wa jamii, hadi hektari 50,000. Walikale, yenye zaidi ya kilometa mraba 23,000 na sehemu kubwa ikiwa msitu, ina faida kubwa katika dekreti hiyo. Ndiyo harimu ya shehe na msitu wa wazee, iliyoandikwa kwa Kifaransa.

Neno la mwisho

Baba mkubwa amekwisha kufa. Alizikwa bonde la chini, kaburi la nne. Miaka ya hivi karibuni vita vimerudi, na safari hii sisi na yule bwana tulikimbia njia moja, tukabebeana mizigo. Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi za wakimbizi kando ya Goma zilibomolewa, na watu kwa maelfu wakashika njia ya Masisi bila kujua watakuta nini. Katika vurugu hizo karatasi ya baraza, ile yenye vidole vyetu, ilipotea.

Ndiyo maana tumeandika. Baada ya kila vita katika nchi hii huja watu wa namna tatu: anayerudi, aliyeingia kwa sababu hana pa kwenda, na yule anayekuja na karatasi kutoka mbali. Wawili wa kwanza hugombana, wa tatu hupata shamba. Wenye mabaraza, tunawaomba kabla ya kusema hapa ni pori waulize mambo machache. Nani alilima hapa mwanzo, na kaburi la nani liko hapa? Aliyeacha, aliacha kwa hiari au kwa mkuki? Aliyeingia ametia jasho kiasi gani, na atalipwa nini akitoka? Na maji ya wote yako wapi? Shehe alituambia hesabu ya miaka haiendi juu ya aliyezuiwa. Baadaye tulisoma kwamba hata sheria ya ardhi ya Waturuki ya mwaka 1858, iliyomnyang'anya mtu shamba asilolilima miaka mitatu, haikumhesabia hiyo miaka aliyeshikwa mateka vitani. Mkimbizi naye ni mateka, tofauti ni kwamba kamba yake haionekani.

Lakini ombi hilo lina upande wa pili, na huo tulijifunza kwa uchungu. Mwenye kurudi naye asidai kilima ambacho hakukigusa kwa jembe siku za amani. Baba mkubwa alipoulizwa, alisema kweli, na kweli ile ilitugharimu kilima kizima.

Kwa wajukuu watakaosoma kijitabu hiki: bonde lenye kahawa na makaburi manne ni letu. Kilima cha juu ni cha jirani yetu na watoto wake watano. Chemchemi ni ya wote.